Jaribu Tu, Haina Madhara

Siku ya gulio Gendabi, chini ya mlima Hanang, muuza dawa hahitaji meza. Katandika turubai, kawasha spika, kapanga vichupa vya mafuta: karafuu, mdalasini, tangawizi, kivumbasi. "Mama, hii mitishamba tupu, haina kemikali. Uvimbe, saratani, vyote inaondoa. Jaribu tu, haina madhara." Nilifungua kimoja nikanusa, machozi yakanitoka. Ukali ule ndio unaouza.

Ugomvi wangu ni na hilo "jaribu tu", kuliko hata na neno saratani.

Haina kemikali? Ukinusa karafuu unanusa eujenoli, kemikali hasa, ambayo madaktari wa meno huitumia kutuliza maumivu. Karafuu mbili kwenye chai ni starehe. Mafuta yake yaliyokamuliwa kwa mvuke ni habari nyingine: wapo watoto wadogo walioharibika ini kwa kijiko kimoja au viwili vya chai.

Waliosoma kidogo watanitajia utafiti. Upo, na ni wa kweli: maabara za Kameruni na kwingineko zimeona viungo vikiua seli za saratani. Vimeziua kwenye kisahani, vikimwagwa juu yake. Hata jiki ingeziua. Ndani ya mtu, mafuta hayo yapite tumboni, ini liyavunjevunje, na kinachobaki kiufikie uvimbe bila kummaliza mwenye uvimbe. Ipo mimea iliyofaulu mtihani huo. Lile ua la rangi ya waridi tunalopanda mlangoni, asili yake Madagaska, ndilo lililotupa vinkristini, dawa ya saratani ya damu ya watoto tangu miaka ya 1960. Lakini gramu moja hula mamia ya kilo ya majani, hupimwa kwa miligramu na kudungwa mshipani. Chemsha majani hayo unywe, umekunywa sumu.

Na si kwamba hatukuonywa. Mwaka 2011 watu walifurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Mia tano si kitu. Walioumia ni wale waliorudi wakaacha dozi zao, wakiamini wamepona.

Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, huanza na mabadiliko madogo yasiyouma, ikachukua miaka. Ikishaanza kutoa damu, miezi ina thamani. Chupa ya kwanza "inasafisha", ya pili "inakausha", ya tatu ni ya kumalizia. Mgonjwa anapofikishwa hospitali ya KCMC au Ocean Road, daktari hana tena cha kukata.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kitu cha jikoni kinachosaidia kipo: siki. Muuguzi huchovya pamba kwenye asidi ileile ya siki, hupaka mlango wa kizazi, husubiri dakika moja. Panapogeuka peupe, pana jambo, na mara nyingi pale pale hugandishwa au kuchomwa, mama akarudi kwake kupika. Siki haina spika wala harufu ya kutoa machozi. Labda ndiyo maana foleni yake ni fupi.

Mama mmoja mbele yangu alifungua fundo la khanga, akahesabu elfu kumi na tano. Nikamuuliza kama amewahi kwenda kupimwa.

"Si yangu, mwanangu," akasema, akikifunga kichupa mle mle zilimotoka hela. "Ya mdogo wangu. Mwezi wa nne huu anatokwa damu."