Kipindupindu hakisombwi na mawimbi

Mwandishi aliyetuhakikishia kwamba Ziwa Victoria hujisafisha lenyewe anadhani bakteria wa kipindupindu huelea tu majini, wakingoja kusombwa. Hawangoji. Wana protini iitwayo GbpA inayonata kwenye kaitini, yaani kile kinachounda ganda la viduduchembe wale wale wanaoliwa na omena. Ukimeza maji hayo, protini hiyo hiyo hushika ute wa utumbo wako. Kisha vinywele vya bakteria huwakusanya vishada vishada, na sumu ikaanza kutolewa. Kwa hiyo hata ile imani kwamba kuharisha kunafagia ugonjwa ni hatari: kuharisha ni kazi ya sumu hiyo, na kunamkausha mgonjwa.

Na gugumaji je? Ling'oe pale ufukweni Dunga uitazame mizizi yake, manyoya matupu, yenye utelezi: mahali pengine pa bakteria kunata. Utafiti wa 2010 ulihusisha kuenea kwake na kipindupindu huku Nyanza.

Kama bado anabisha, anieleze ya Bangladesh. Mwaka 2003 ilitangazwa kwamba vijiji vilivyochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa vilipunguza kipindupindu karibu nusu. Bakteria anayeelea peke yake angepenya kitambaa hicho bila shida; hunaswa kwa sababu amenata kwenye viduduchembe. (Klorini bado tunaihitaji, tusidanganyane.)