Sherehe Njema Huonekana Kesho Yake

Watu wengi wa mashamba huipima sherehe kwa wingi wa wageni, kwa idadi ya ng'ombe waliochinjwa, na kwa ngoma iliyosikika mpaka ng'ambo ya mto. Hivyo ni vipimo vya siku moja. Mwenye busara hungoja kesho yake, ndipo aulize mambo matatu. Je, wote waliokula wameamka wazima? Je, fedha zilizochangwa zinajulikana ziko wapi? Je, majirani wangali wakisalimiana? Ikiwa majibu yote ni ya heri, sherehe ilikuwa njema, hata kama wageni walikuwa mia mbili tu na ngoma ilikuwa moja. Lakini ikiwa jibu moja ni la aibu, yafaa ijulikane ya kuwa mara nyingi kosa halikutendeka siku ile ya sherehe. Lilitendeka majuma mengi kabla yake, katika kikao cha kamati.

Jambo hili si la mchezo. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 ugonjwa wa kipindupindu ulizuka katika Kenya, na wagonjwa wa kwanza walikuwa watu waliohudhuria arusi katika Kaunti ya Kiambu. Walikwenda kula na kufurahi pamoja na jamaa zao, kisha wakatawanyika kurudi makwao. Katika mwaka 2023 ugonjwa ulikuwa umefika katika kaunti zaidi ya 20, na watu zaidi ya 10,000 waliugua. Si haki kusema ya kuwa arusi moja ndiyo iliyoleta hayo yote, maana ukame na uhaba wa maji safi vilikuwa vimekwisha kuutengenezea ugonjwa njia. Hata hivyo, funzo ni wazi. Sherehe huwakusanya watu wa vijiji kumi wakanywa maji ya pipa moja, kisha kila mtu hurudi kwao pamoja na alichokunywa.

Mfano utafaa hapa. Watu wa lokesheni moja wanataka kufanya siku ya maonyesho ya ukulima. Wanataka waonyeshe ng'ombe wa maziwa, mboga, na kazi za mikono za akina mama, na watoto wa shule waimbe. Tena wanataka kupata fedha za kununua tangi la kukingia maji ya mvua shuleni. Desturi hii si ngeni. Chama cha maonyesho ya ukulima kilianzishwa katika nchi hii mwaka 1901, na ingawa siku zile kilikuwa cha walowezi, baadaye maonyesho yakawa ni jambo la wakulima wote. Basi wazo la watu hao ni jema. Kinachobaki ni kulitengeneza.

Kwanza kabisa, kamati na iandike katika daftari, kwa maneno machache, sherehe hii ni ya nini. Kamati isiyojua neno hilo huongozwa na kila mwenye sauti kubwa. Mmoja atataka mpira, mwingine atataka vipaza sauti kutoka mjini, wa tatu atataka ng'ombe watatu wachinjwe, na mwisho wake tangi litasahauliwa. Tena sherehe na ifanane na mahali pake. Huko Maralal, katika nchi kavu ya Wasamburu, mashindano ya mbio za ngamia yalianzishwa mwaka 1990, na jina la mji ule likajulikana mbali sana. Watu wa Maralal hawakuiga mashindano ya Nairobi. Walitazama mnyama anayestahimili nchi yao wakamtukuza. Basi wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na wawe na shindano la kukamua. Wakulima wa viazi na washindanie mbegu bora. Mgeni huvutwa na kitu asichokiona kwao.

Jambo la pili ni siku. Katika sehemu nyingi za nyanda za juu mvua ndefu hunyesha tangu Machi mpaka Mei, na mvua fupi tangu Oktoba mpaka Desemba. Mkulima aliye katikati ya kupanda hawezi kuacha shamba lake kwa ajili ya hotuba, na akija, moyo wake umebaki kwenye mtaro. Watu wangali wakikumbuka miezi ya Aprili na Mei mwaka 2024, ambapo mafuriko yalikata barabara, hata kufunguliwa kwa shule kukacheleweshwa. Kamati iliyokuwa imepanga sherehe kwa siku hizo ilijifunza kwa gharama kubwa. Basi wazee waulizwe, maana wanaijua mvua ya kwao, na habari za Idara ya Hali ya Hewa zisikilizwe pia, maana mvua ya miaka hii haishiki ahadi kama ya zamani. Kisha itazamwe siku ya soko, siku ya kulipa karo, na siku za ibada za watu wote, yaani Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Jirani aliyesahauliwa katika kuchagua siku hujiona amesahauliwa katika mengine yote.

Jambo la tatu ni kamati yenyewe. Katika vijiji vingi kamati huwa ni wazee saba, mwalimu mmoja na mfanyabiashara, nao akina mama huitwa siku mbili kabla na kuambiwa wapikie watu 600. Hilo ni kosa kubwa. Anayechota maji ndiye ajuaye kisima kina nini mwezi wa Februari. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianza mwaka 1952, na tangu siku zile vikundi vya akina mama vimekuwa shule za kupanga mambo katika mashamba. Hapana sababu ya kuwaita jikoni na kuwafungia mlango wa kikao. Akina mama na wawe katika kamati tangu siku ya kwanza, na mmoja wao apewe mamlaka ya kusema, “Maji hayatoshi, wageni wapunguzwe,” na neno lake lishikwe.

Neno hilo la maji lapasa kufanyiwa hesabu, wala si kukisiwa. Tuseme kamati imekadiria lita 5 kwa kila mtu, kwa kunywa, kunawa, kupika na kuosha vyombo. Watu 600 watahitaji lita 3,000. Hiyo ni mitungi 150 ya lita 20. Punda achukuaye mitungi minne atakwenda kisimani safari 38. Kamati iliyofanya hesabu hii itajua mapema ya kuwa punda mmoja hatoshi, na ya kuwa yafaa kuanza kuteka maji siku mbili kabla. Kamati isiyofanya hesabu itaijua habari hiyo saa saba mchana, vijana watakapotumwa mbio mtoni na madebe. Hapo ndipo maradhi huingia. Maji ya kunywa na yachemshwe, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha yawekwe katika chombo chenye kifuniko na bomba, ili mtu yeyote asichovye kikombe chake ndani.

Kuhusu chakula, desturi ya kupika usiku na kuacha wali na nyama ndani ya sufuria mpaka mchana wa pili haifai. Chakula kilichopikwa na kiliwe kingali moto. Ikiwa hotuba zitachelewa, ni heri watu wale kwanza. Wapishi wawe wazima. Aliye na tumbo la kuendesha apewe kazi nyingine mbali na jiko, bila kuaibishwa. Karibu na vyoo na karibu na meza pawe na vibuyu chirizi na sabuni, maana watu mia wanaonawa katika beseni moja hawanawi, bali huambukizana. Vyoo vya shule vilivyochimbwa kwa ajili ya watoto huenda visitoshe. Basi vya muda vichimbwe mapema, mbali na kisima, tena upande wa chini yake. Afisa wa afya apewe habari mapema, na chifu vilevile, ili kama kuna kibali kinachohitajika kipatikane kabla ya siku yenyewe. Kadhalika, kwa kuwa ng'ombe wa mazizi mengi watasimama pamoja, daktari wa mifugo aulizwe. Ugonjwa wa miguu na midomo hausubiri mwaliko.

Kisha kuna habari ya wageni wa heshima. Mara nyingi watoto huwekwa juani tangu saa mbili asubuhi, wakimngoja mgeni atakayefika saa nane. Nyimbo huisha, sauti hukauka, na mtoto mmoja au wawili huanguka kwa kizunguzungu. Mgeni mwenyewe, kama angeliambiwa, asingelipenda hivyo. Ratiba iandikwe, nayo ianze kwa wakati wake, mgeni awepo au asiwepo. Akifika katikati apokewe kwa heshima na apewe nafasi yake. Hotuba ziwe chache, na kila msemaji aambiwe dakika zake kabla hajasimama, maana akisha kusimama hakuna wa kumketisha. Watoto na wazee wapewe kivuli kwanza, kabla ya viti vya wakubwa.

Lililobaki ndilo huvunja vijiji zaidi ya maradhi, nalo ni fedha. Tangu mwaka 1963, Mzee Jomo Kenyatta alipolifanya neno “Harambee” kuwa wito wa taifa, wananchi wamejenga shule na zahanati nyingi kwa mikono yao na shilingi zao. Sifa hiyo haiondoki. Lakini pamoja nayo kulikuwa na malalamiko ya watu walioshurutishwa kuchanga, hata sheria ya mwaka 2003 juu ya maadili ya watumishi wa serikali ikawakataza kutumia vyeo vyao kuwalazimisha watu. Mchango wa lazima ni kodi isiyo na stakabadhi. Anayetoa na atoe kwa hiari, na asiye nacho asisomewe jina lake mbele ya watu.

Waswahili husema ya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kila shilingi iandikwe siku ileile ilipotolewa, na daftari lishikwe na watu wawili, mweka hazina na mwandishi. Fedha za simu pia zina hatari yake. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, michango mingi hutumwa kwa simu, na mara nyingi hutumwa kwa namba ya mweka hazina mwenyewe. Hata akiwa mtu mwaminifu, fedha za tangi na fedha za unga wake hukaa katika mfuko mmoja, na siku atakapougua au kufariki, watoto wake hawatajua lipi ni la nani. Ni heri kikundi kiwe na akaunti yake, yenye waweka sahihi zaidi ya mmoja.

Tena ahadi si fedha. Ikiwa jukwaani zimetangazwa shilingi 80,000, na zilizo mkononi ni 35,000, basi kamati ina 35,000. Ikinunua tangi kwa mkopo ikitegemea zile nyingine, huenda mwaka utapita huku shule ikidaiwa na wenye ahadi wakikwepa barabara ya shuleni. Kununua tangi dogo lililolipiwa si aibu. Mvua haiulizi ukubwa wa tangi; huuliza kama lipo.

Ndipo hufika kesho yake, siku iliyo na kazi nyingi kuliko sherehe yenyewe, ingawa hupewa watu wachache. Na hao nao wachaguliwe mapema, kabla vijana hawajachoka na ngoma. Uwanja ufagiliwe, takataka zifukiwe, mashimo ya vyoo vya muda yajazwe udongo. Sufuria za kuazima zirudishwe zikiwa safi, na iliyopotea ilipwe kabla mwenyewe hajaidai. Kabla juma halijaisha, hesabu isomwe barazani mbele ya wote: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki, na ahadi ambazo hazijalipwa. Mama aliyetoa shilingi 50 za mayai ana haki ileile ya kuisikia hesabu hiyo kama mfanyabiashara aliyetoa 5,000. Na kama kuna kosa, kamati ilitaje yenyewe, maana kosa linalotajwa na mwenyewe husamehewa upesi kuliko linalofichuliwa na jirani.

Sherehe ya namna hiyo haihitaji kutangazwa sana mwaka unaofuata. Mvua fupi itanyesha, tangi litajaa, na mtoto atakayefungua bomba la shule asubuhi hatajua ni nani aliyehesabu mitungi 150, wala ni nani aliyeandika shilingi 50 za mama yule katika daftari. Wazazi wake watajua, na watakapoitwa tena watakuja.