Usiitupe Laptopu Hiyo, Ilete Tuijaribu

Ndugu zangu wa Bwera, pamoja nanyi mnaovuka mto Lhubiriha kutoka Kasindi kuja sokoni Mpondwe, hodi.

Nyumba nyingi hapa kwetu zina laptopu iliyolala juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Haijafa. Ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, ikasomesha mtoto, ikachapa barua za kanisa, kisha ikaanza kuwaka polepole hadi chai inapoa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na karibu prosesa zote za Intel za kabla ya kizazi cha nane, kile cha 2017, inazikataa. Mwenye mashine anabaki kuwaza kununua nyingine, na ada ya muhula bado haijatimia.

Nawaomba tusikimbilie dukani kwanza. Iko Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, aliouanza mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, mwaka 1991, na leo unatengenezwa na watu wa kila bara. Waswahili nao walishatia mkono: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili.

Kinachonigusa zaidi ni leseni ya Linux. Inakuruhusu kunakili na kumpa jirani. Faili la Linux Mint, toleo mojawapo la Linux, ni karibu GB 3, na kwa bando la simu hizo ni hela. Lakini likipakuliwa mara moja tu hapa Bwera, linaweza kutembea kwa flashi hadi Kisinga, hadi Kasese mjini, hadi ng'ambo, na hakuna aliyeibiwa. Tumezoea kupeana Windows zilizovunjwa kufuli, na virusi vyake humo humo. Walimu wanalijua jambo hili: flashi inatoka stesheneri, mafaili yote yamegeuka njia za mkato, na mtihani wa kesho asubuhi hauonekani.

Kujaribu hakuharibu kitu. Linux ikiandikwa kwenye flashi ya GB 8, zima mashine, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza F9 kwa HP nyingi, au F12 kwa Dell na Lenovo, kisha chagua flashi. Itawaka yote kutoka humo, na diski yako haijaguswa. Hapo ndipo pa kukagua bila haraka: cheza wimbo usikie sauti, tafuta Wi-Fi, fungua kamera, punguza mwanga wa kioo, funika laptopu kisha uifunue uone kama inaamka. Leta na printa yako, kwa maana printa zina tabia zao.

Mashine yangu ya kwanza haikuonyesha Wi-Fi hata kidogo. Siku mbili nilikaa nayo nikiamini nimeiua. Dawa ilikuwa waya wa simu: nilichomeka simu kwa USB, nikaiwekea igawe intaneti, nikafungua sehemu ya drayva, drayva iliyokosekana ikashuka. Nikazima, nikawasha, na mtandao wa nyumbani ukatokea kwenye orodha. Kazi ya dakika ishirini. Zile siku mbili zilitokana na upweke tu, na ndiyo sababu naandika wito huu.

Walimu, LibreOffice, programu ya ofisi ya kwenye Linux, inafungua mafaili yenu ya Word. Ila aina ya herufi ikibadilika, mistari husogea na swali la mwisho likahamia ukurasa mwingine. Hifadhini mtihani kama PDF kabla ya kuupeleka kuchapwa.

Vijana wangu, najua swali lenu ni gemu. Tangu 2018 kampuni ya Valve imeweka chombo kiitwacho Proton ndani ya Steam, duka lake la gemu, na maelfu ya michezo ya Windows inacheza kwenye Linux kwa njia hiyo. GTA San Andreas inakwenda. Lakini sitawadanganya: gemu za mpira FC 24 na FC 25 hazifunguki, kwa sababu ya ulinzi wake dhidi ya wadanganyifu, na Fortnite ni hivyo hivyo. Ambaye moyo wake uko huko abaki na Windows upande mmoja wa diski na Linux upande wa pili. Mdogo wako mwachie SuperTuxKart, anaendesha magari siku nzima bila bando.

Sasa ombi lenyewe. Mwenye duka, tupe meza moja na soketi moja Jumapili alasiri. Siyo Jumamosi, maana siku hiyo ndugu zetu Waadventista wako kanisani. Fundi, njoo na bisibisi na flashi mbili. Binti uliyesoma kompyuta Kampala na uko nyumbani likizo, kaa na bibi mwenye kikundi cha akiba mpaka aweze kufungua daftari lake la hesabu peke yake. Nawe mwenye laptopu kabatini, nakili kwanza picha na mafaili yako mahali pengine, chukua chaja, uje. Flashi yenye Linux ninayo mimi.