Obsession na Deni Lake kwa Vertigo
Wanaoituhumu Obsession, filamu aliyoiongoza Brian De Palma na kutolewa mwaka 1976, kwamba ni nakala tupu ya Vertigo ya Alfred Hitchcock, wameghafilika kwamba Bernard Herrmann, aliyeitungia muziki ile ya mwaka 1958, ndiye aliyeitungia na hii, akafariki Desemba 1975 kabla haijawafikia watazamaji. Kisa, sikatai, ni jamaa moja: mwanamume aliyefiwa na mkewe, akiwa bado na majonzi ya miaka mingi, akamkuta kanisani Florence mwanamwali anayetengeneza mchoro wa kale, naye sura yake ni ya marehemu khasa, basi akili ikamruka. Lakini Hitchcock alitufichulia siri ya mwanamke kabla ya kisa kwisha, tukabaki kumhofia yule asiyejua, ilhali De Palma ameifumba hadi karibu na tamati, na kwa rai yangu hapo ndipo alipopungukiwa. Ama ile kamera inayowazunguka wawili waliokumbatiana kwenye uwanja wa ndege, muziki ukipanda pamoja nayo, sidhani yuko atakayeitazama akatulia kitini, madhali ameshajua aliyekumbatiwa ni nani.