Uliza taa, usiulize herufi
Na Zuhura Kibwana

Anayekwenda Kariakoo kununua televisheni siku hizi hupokewa na herufi. LED, QLED, ULED, QNED, OLED. Muuzaji huzitaja harakaharaka na bei hupanda nazo. Mteja aliyetoka Mbagala Rangi Tatu au Bunju na fedha alizodunduliza kwa miezi huona haya kuuliza maana yake. Analipa, boksi linapakiwa kwenye bajaji, anaondoka. Mteja huyu ana haki ya kujua anachonunua, na jambo lenyewe si gumu hata kidogo kulieleza kwa Kiswahili.

Ukiiweka OLED kando, hizo nyingine zote ni televisheni za aina moja. Ni LCD. Ndani ya kioo chake kuna kimiminika maalumu kisichotoa mwanga wowote. Kazi yake ni kuupitisha mwanga au kuuzuia, nukta kwa nukta, kama vijidirisha vinavyofunguliwa na kufungwa. Mwanga wenyewe unatoka kwenye taa zilizofungwa nyuma yake au kwenye kingo zake. Televisheni bapa za LCD za mwanzo, zile zilizokuja kuziondoa za chogo sebuleni, zilikuwa na taa za mirija myembamba, jamaa ya tyubu laiti za ofisini. Watengenezaji walipoweka vitaa vidogo vya LED badala ya mirija, televisheni nzima ikapewa jina la taa yake. Kule Uingereza mamlaka inayosimamia matangazo haikulikataa jina hilo, ila ilitaka tangazo lifafanue kwamba LED ni taa ya nyuma tu. Sisi jina tumelipokea bila ufafanuzi.

QLED, jina ambalo Samsung walianza kulitumia kwa televisheni zao mwaka 2017, ni LCD ileile iliyoongezewa utando wa chembe ndogo mno ziitwazo kwantamu doti, ambazo huzifanya rangi ziwe safi na kali zaidi. Sayansi ya chembe hizo ni kubwa kweli: Alexei Ekimov, Louis Brus na Moungi Bawendi walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023 kwa kazi hiyo, na ukiweka televisheni mbili sambamba tofauti ya rangi utaiona. Lakini taa iko palepale nyuma ya kioo. Iko kwenye ULED ya Hisense, iko kwenye QNED ya LG, iko kwenye Crystal UHD ya Samsung.

Ndiyo maana nasema uliza taa. Nenda kwa fundi yeyote wa televisheni Tandika au Tegeta umuulize ugonjwa anaoletewa mara kwa mara. Atakwambia: inaongea lakini haionyeshi. Sauti ipo, kioo kimekuwa cheusi. Fundi huwasha tochi ya simu, huisogeza karibu na kioo na kuangalia kwa pembeni. Akiona picha inacheza kwa mbali kwenye giza, anajua kioo ni kizima na kilichokufa ni taa. Vitaa hivyo hupangwa kwenye vipande virefu na kuunganishwa kwa mfuatano, hivyo kimoja kikikatika huweza kuzima mstari mzima. Kinachoviua zaidi ni joto, na joto linaletwa na mwanga uliopandishwa hadi mwisho. Televisheni nyingi dukani huwekwa kwenye mpangilio wa maonyesho ili zing'ae chini ya taa kali za duka, nasi tunazibeba hivyohivyo hadi nyumbani, tunaziwasha asubuhi na kuzizima usiku wa manane. Siku ya kwanza shika rimoti, ingia kwenye mipangilio ya picha, shusha mwanga wa taa ya nyuma hadi nusu. Macho yatazoea kwa muda mfupi, na taa itaishi zaidi.

Luku nayo itapumua. Televisheni ya inchi 32 inayokula wati 45, ikiwaka saa sita kwa siku, itamaliza kama uniti 8 kwa mwezi. Ya inchi 55 inayokula wati 110 itamaliza karibu 20. Ya inchi 75 yenye wati 180 itapita 32. Kwa familia iliyo kwenye kundi la D1, lile la bei nafuu kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hesabu hii si ndogo. Ukubwa wa kioo peke yake unaweza kuisukuma nyumba yenye jokofu na pasi nje ya bei nafuu. Wati zimeandikwa mgongoni mwa televisheni au kwenye boksi, na sijapata kumsikia muuzaji akizitaja kabla ya kuulizwa.

Kuna jambo la pili ambalo herufi hazilisemi, nalo linahusu namna tunavyokaa. Sebule zetu nyingi za Mbagala, Mtoni au Mwananyamala zina makochi yaliyobana kuta tatu, watoto wako chini kwenye mkeka, mlango uko wazi na jirani amesimama pale anasubiri penalti. Anayekaa mbele kabisa ya kioo ni mmoja au wawili. Wengine wote wanatazama kwa pembeni. Vioo vya LCD viko vya namna mbili kubwa. Vinavyoitwa IPS hubaki na rangi zake hata ukitazama kutoka ubavuni, ila weusi wake huwa wa kijivujivu chumba kikiwa na giza. Vinavyoitwa VA vina weusi mzito na picha yenye kina, lakini ukisogea pembeni rangi hufifia na nyuso hupauka. Mtu anayetazama filamu usiku na mwenzake, kochi moja, taa zimezimwa, achukue VA. Mwenye kibanda umiza Chamazi, ambaye wateja wake wamejaa kwenye mabenchi mpaka ukutani, anahitaji IPS, na nadhani anaihitaji kuliko anavyohitaji inchi kumi zaidi. Kuzitofautisha hakuhitaji utaalamu: dukani usisimame mbele ya kioo. Tembea hadi ubavuni, chuchumaa, angalia nyuso za watu. Kisha omba uchomeke flashi yenye filamu ya Kibongo iliyochezwa usiku, uone kama pembe za kioo zinavuja mwanga mweupe.

OLED ni habari nyingine kabisa. Haina taa nyuma. Kila nukta hujiwashia mwanga wake na kujizima, ndiyo maana giza lake ni giza kweli na pembeni haipauki. Ni picha nzuri kuliko zote zilizotajwa hapa. Lakini picha isiyosogea ikikaa muda mrefu huweza kuacha alama ya kudumu kwenye kioo. Fikiria saluni ya kinyozi pale Temeke, kituo kimoja toka saa mbili asubuhi hadi usiku, nembo iko kwenye kona ileile na utepe wa habari chini. Mwenye saluni asiinunue, hata akipunguziwa bei. Na alama ikishajichora hakuna kipande cha taa cha kubadilisha. Kinachotakiwa ni kioo kipya, na bei ya kioo hukaribia ya televisheni.

Kuhusu 4K, yaani wingi wa nukta za picha, sina mengi. Matangazo ya analojia yalizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na tangu hapo tunatazama kwa ving'amuzi. Picha nyingi zinazopita humo hazifikii 4K. Kama huna bando la kutosha la kuitazama 4K kwa intaneti, kwenye inchi 32 au 43 usiilipie zaidi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo. Shirika la Viwango nalo lipo. Naomba taasisi hizi mbili zitake karatasi moja ya Kiswahili kwenye kila televisheni inayouzwa: kioo ni IPS, VA au OLED, taa ziko nyuma kote au pembeni tu, wati ni ngapi. Wauzaji wa Mbagala na Tegeta hawana haja ya kusubiri tangazo la serikali. Mteja akiomba mwanga ushushwe kabla hajalipa, ushushwe, na flashi yake ichomekwe.