Maghala ya Yangambi: tulinde nini kwanza?

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima wa mkoa wa Kagera, Tanzania, waligawiwa machipukizi ya mgomba unaoitwa Yangambi Km 5, kwa sababu unastahimili sigatoka nyeusi, ugonjwa unaobabua majani na kudhoofisha mikungu. Yangambi yenyewe iko hapa kwetu, jimbo la Tshopo nchini Kongo, ukingo wa kulia wa mto Kongo, kama kilomita 100 ukishuka kutoka Kisangani. Anayefika huko kwa boti au kwa pikipiki anakuta majengo ya matofali yaliyotawanyika kati ya miti: maghala ya mbegu, mabanda ya kukaushia mazao, maabara, maktaba, nyumba za wafanyakazi. Mengine bado yana paa. Mengine yamebaki kuta tu.

Wabelgiji walianzisha hapo mwaka 1933 taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoitwa INEAC, na kwa wakati wake ilikuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya kilimo cha nchi za joto duniani. Tangu 1970 kazi hiyo iko mikononi mwa INERA, taasisi ya taifa. Kila yanapotajwa majengo haya mjini Kisangani, mazungumzo hugawanyika njia mbili. Wapo wanaotaka yakarabatiwe yawe makumbusho, watalii waje kwa boti. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya mzungu, na kwamba mabati na matofali yake yangefaa zaidi kujengea shule.

Hawa wa pili tusiwapuuze. Kwa babu zetu ghala la mkoloni lilikuwa mahali pa mizani. Sheria ya mwaka 1917 ilimlazimisha mwanakijiji kulima mazao aliyopangiwa kwa siku 60 kila mwaka, na mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili, siku hizo zikafika 120. Pamba, mpunga, chikichi: mtu alibeba mzigo kichwani hadi kwa mnunuzi, akapimiwa, akapokea bei aliyopangiwa. Asiyetimiza alijua kinachomngoja, faini au jela. Chini zaidi ya mto, Lokutu, ambapo wakati huo paliitwa Elisabetha, kampuni ya Lever ilipewa ardhi ya michikichi kwa mkataba wa 1911, na ugomvi wa ardhi hiyo haujaisha mpaka leo. Anayetaka kupaka rangi ghala kama hilo na kulionyesha kwa wageni bila kuisimulia mizani hiyo anawakosea heshima waliosimama mbele yake wakiwa na mizigo.

Hata hivyo, katika Yangambi ghala si kuta tu. Mwaka 1941 watafiti wawili wa kituo hicho, Beirnaert na Vanderweyen, walionyesha jinsi unene wa kifuu cha chikichi unavyorithiwa. Mchikichi wa kifuu kinene ukizalishwa na ule usio na kifuu, unapata mchikichi wa kifuu chembamba na nyama nyingi, na nyama ndiyo yenye mafuta. Mashamba makubwa ya Indonesia na Malaysia leo yamejaa aina hiyo ya tatu. Nchi hizo zimetajirika kwa maarifa yaliyothibitishwa Tshopo, na sisi tunanunua mafuta ya kupikia yaliyotoka ng'ambo. Jambo hili linauma, na lifundishwe katika kila darasa la kilimo la jimbo hili.

Kuna pia nyumba ya mimea mikavu, yenye sampuli kama 150,000: majani, maua na matunda yaliyobanwa, yakakaushwa, yakaandikiwa mahali yalipochumwa na tarehe. Na kuna kumbukumbu za miti. Kuanzia 1937 hadi 1958, miti kama 2,000 ya jamii zaidi ya 500 ilifuatiliwa wiki kwa wiki: huu umetoa maua, ule umepukutisha majani, huu una matunda. Waliopita msituni kuitazama walikuwa kwa sehemu kubwa Wakongomani, na majina yao hayako kwenye vitabu vilivyochapishwa. Hiyo ni miaka zaidi ya 20 ya macho yao, na hakuna pesa inayoweza kuirudisha ikipotea.

Mwaka 2020 ulisimamishwa Yangambi mnara wa mita 55 unaopima hewa ya ukaa inayoingia na kutoka msituni, wa kwanza wa aina yake katika bonde la Kongo. Nimefurahi kama kila mtu wa Tshopo. Lakini mnara hauwezi kutuambia msitu ulikuwaje kabla haujasimama. Tukitaka kujua kama miti ya leo inatoa maua mapema au inachelewa kuliko zamani, lazima turudi kwenye karatasi za 1937. Tukitaka kujua hewa ilivyobadilika, jani lililochumwa miaka 80 iliyopita lina jibu ndani yake. Kifaa kipya kinategemea ghala la zamani, na wafadhili wanaopenda kupiga picha mbele ya kifaa wanapaswa kulipia na paa la ghala.

Wapo watakaosema karatasi hizo zimeshapigwa picha, na kwamba watu wa kujitolea wa nchi nyingi walizisoma kupitia intaneti na kuzigeuza kuwa takwimu. Kweli, na ni kazi njema. Picha, hata hivyo, haikatwi kipande ikapelekwa maabara. Jani linakatwa. Tena mwanafunzi wa IFA, taasisi ya elimu ya juu ya kilimo ya Yangambi, au wa Chuo Kikuu cha Kisangani anayetaka kuzijua familia za miti ya kwao anahitaji kulishika jani na kuligeuza. Kulihamishia Meise au Tervuren, Ubelgiji, kwa sababu kule hakuna mchwa ni kumwambia mwanafunzi huyo aombe viza ili auone msitu alikozaliwa.

Afrika Mashariki wameshapitia njia hii. Kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, Wajerumani walikianzisha mwaka 1902. Mkusanyo wake wa mimea ulihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na leo ndio moyo wa hazina ya mimea ya Afrika Mashariki. Mimea ilipona, na Nairobi wameitunza vizuri. Amani ilibaki na nyumba. Sitaki tulazimishwe kuchagua hivyo, ama mkusanyo upone ama Yangambi iendelee kuwa mahali pa elimu. Katika vita vya 1996 hadi 2003 mkusanyo wetu ulinusurika palepale kwa sababu wafanyakazi hawakuuacha, ingawa mishahara haikuwafikia. Walishathibitisha kwamba inawezekana.

Kwa hiyo naukataa mpango wa kukarabati kila jengo. Tshopo imejaa mabanda ya kahawa na maghala ya mashamba yaliyokufa baada ya Mobutu kuyagawa mashamba ya wageni mwaka 1973, kisha mnyauko wa kahawa ukamaliza mibuni iliyobaki. Wanavijiji wamechukua matofali yake wakajengea nyumba. Waache wachukue. Jasho la babu zao limo ndani ya matofali hayo, na nyumba yenye watoto ni matumizi bora kuliko kuta tupu. Ninachoomba ni kwamba kabla ukuta haujashuka, mwanafunzi wa historia aende na kamera na kinasa sauti. Alipime jengo, aulize nani alikuwa kapita, yaani msimamizi, zao gani lililetwa hapo, mizani ilikaa wapi, waliokataa kulima walifanywa nini. Waliokuwa vijana mwaka 1958 sasa wana zaidi ya miaka 80. Kazi hii haihitaji mfadhili wa Ulaya. Nauli ya pikipiki na betri vinatosha kuianza mwezi huu.

Ya Yangambi ndiyo yanayohitaji serikali. Najua INERA ni ya taifa na mishahara yake inadaiwa Kinshasa. Lakini tangu 2015 Tshopo ni jimbo lenye bunge lake Kisangani, na bunge hilo linaweza kuweka katika bajeti fungu linalotajwa waziwazi: paa la nyumba ya mimea na la maktaba, umeme wa jua wa kukausha hewa, na posho ya wale wanaogeuza sampuli moja baada ya nyingine kutafuta wadudu. Mabango na njia za watalii vinaweza kusubiri. Posho ilipwe kwanza, tena kwa miezi 12 yote.