MJINI SIMU INAKAGULIWA, MBWA ANANUNULIWA KWA PICHA!

Siku hizi mjini ukitaka kuonekana uko juu, simu ya macho matatu peke yake haitoshi. Lazima kwenye picha kuwe na kijibwa cheupe, manyoya kama pamba, kimefungwa utepe kichwani. Mastaa walianza, mashabiki wakafuata. Hakuna ubaya, kila mtu na starehe yake. Ishu ni jinsi hivyo vijibwa vinavyopatikana.

Kuna mrembo mmoja anauza sura sana Insta, jina kapuni, anaishi ghorofani Kariakoo. Huyo ukimpeleka Mtaa wa Aggrey kununua simu, atabonyeza *#06#, atalinganisha namba na boksi, atadai risiti. Tangu TCRA izime simu feki Juni 2016, hakuna mtoto wa mjini asiyeujua huo mchezo. Lakini mbwa alimnunua kwa picha ya WhatsApp kutoka kwa winga. Hela ikatumwa kwa simu, mzigo ukaja na bodaboda ndani ya boksi la viatu. Siku ya tano kijibwa kinatapika na kuhara damu, siku ya saba hakipo. Winga akajibu mara moja tu, eti "umemlisha vibaya", kisha akablock.

Hapo ndipo watu wanapigwa. Ugonjwa wa parvo ukishaingia mwilini, mara nyingi hukaa siku 3 hadi 7 ndipo dalili zianze. Kwa hiyo mbwa anafika anarukaruka, hela inaliwa, ugonjwa unatokea muuzaji akiwa mbali. Na kirusi chake hubaki ndani ya nyumba miezi kadhaa. Ukikimbilia kununua mwingine bila kusafisha kwa jiki, naye anakufuata njia ileile.

Winga wa nguo hana kosa. Anachukua gauni kwenye duka la mtu, anaongeza chake, maisha yanasonga. Ila gauni halina mama. Mbwa anaye, na huyo mama ndiye risiti. Kule England waliliona hili, na tangu Aprili 2020 dalali haruhusiwi kuuza mbwa aliye chini ya miezi 6. Anayeuza ni yule aliyemzalisha mwenyewe, na mnunuzi anatakiwa amwone mtoto akiwa na mama yake.

Mfugaji wa kweli anakuita kwake, hata kama ni Chanika ndani ndani. Unamwona mama, ananyonyesha, ana afya, hana woga. Hatoi mtoto kabla ya wiki 8. Anakupa kadi ya chanjo yenye tarehe, stika ya dawa na jina la daktari wa mifugo unayeweza kumpigia ukamuuliza. Halafu na yeye anakuhoji: unaishi wapi, nani anabaki na mbwa ukienda kazini, mwenye nyumba anajua? Anayekuuliza maswali anamjali mbwa. Anayekuuliza "unatuma saa ngapi" anaijali hela.

Na ile stori ya "mbwa wa kikombe", eti hakui kabisa? Hakuna aina rasmi ya mbwa yenye jina hilo. Mara nyingine unauziwa mtoto wa wiki 5 aliyenyang'anywa ziwa. Mfungue mdomo. Kama meno hata hayajatoka vizuri, huyo bado mchanga. Na hawa wadogo wakikosa chakula saa chache tu sukari inashuka, wanaanguka.

Wapo watakaosema mfugaji wa kweli ni bei. Kweli, ni bei. Ila jumlisha mbwa wa kwanza aliyekufa, dripu, daktari wa usiku, na mbwa wa pili. Hapo rahisi iko wapi?

Kingine kinachowaponza wengi ni huruma. Unapita barabarani, unaona kijibwa kwenye boksi, jua kali, kinatetemeka, unasema ngoja nikiokoe. Umekiokoa kimoja, lakini hela yako ndiyo italeta boksi la wiki ijayo. Biashara hiyo haifi kwa maneno ya kwenye komenti. Inakufa siku wateja wote wakiuliza swali moja tu: mama yake yuko wapi?